Nyasi Ulizotandika Mwenyewe

Niseme ukweli mapema, kabla wenzangu wa zamani hawajausema kwa sauti kubwa zaidi: wiki yangu ya kwanza kwenye karate niliiba sakafu ya Bibi yangu.

Nyumba ya Bibi, kilimani juu ya mji wa Bukoba, ilikuwa ya udongo chini, na juu ya udongo zilitandikwa nyasi, kama nyumba zote za heshima za wakati ule. Zikichakaa, alitandika nyingine juu yake, mpaka mguu wa mgeni ukawa unazama kama kwenye godoro. Nyasi zilikatwa kwenye rweya, lile eneo la wazi lisilokubali migomba, na kukata, kubeba na kutandika ilikuwa kazi ya wanawake. Mimi nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Nilikuwa na kitana mfuko wa nyuma.

Sasa, mwalimu wangu wa karate, Ta Ishengoma (kwetu mzee huitwa Ta, na mama mtu mzima Ma), alifundishia kwenye ghala la zamani la kahawa pale Miembeni. Saruji ya ghala ilikuwa na mashimo na kona kali, na mikeka ya kufanyia mazoezi tuliiona pichani tu. Kwa hiyo mwanafunzi mpya alipokelewa kwa mundu. Nenda rweya, kata, beba kichwani, pita nazo katikati ya mtaa wa Bilele wasichana wakikuona, tandika. Habari za ngumi baadaye.

Niliitazama rweya: mbali. Nilitazama jua: kali. Nikaitazama sakafu ya Bibi, ambayo alikuwa ameitandika upya jana yake. Bibi alikuwa ameenda jumuiya. Nikaikunja sakafu yote, tabaka la juu mpaka la chini, nikaifunga kwenye baiskeli, nikaifunika gunia. Nilijiona mtu mwenye akili nyingi.

Mambo mawili sikuyajua. La kwanza, nyasi mpya hukaa juu, na chini yake kuna miaka. Kuku walilala pale, mwanambuzi alilala pale, na viroboto walikuwa na wajukuu pale. La pili, Bibi alitandika upya kwa sababu jioni ile walikuwa wanakuja wageni kumposa dada yangu.

Ghalani tulipangwa kwenye ule mkao tunaouita wa mpanda farasi, miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona farasi. Viroboto wakaamka. Kwanza alishtuka wa mbele, kisha mstari mzima ukaanza kutetemeka kama migomba ikipigwa na upepo wa ziwani.

"Hakuna kujikuna," alisema Ta Ishengoma.

Na yeye mwenyewe akasimama mbele yetu, peku, kwenye nyasi zile zile, uso umetulia kama picha ya kitambulisho. Niliwaona wakipanda kwenye vifundo vyake. Hakupepesa. Alipotosheka akainama, akaokota unyoya.

"Anselimu, nyasi hizi umekata rweya gani?"

"Ya karibu, Mwalimu."

"Naona. Rweya hiyo inafuga kuku?"

Akanipeleka nyumbani yeye mwenyewe. Tulikuta wageni wameketi kwenye udongo mtupu, wazee wazima na kanzu zao, magoti juu, na Bibi anawapitishia kahawa ya kutafuna kwa aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta pa kutazama. Mlangoni alisimama Leokadia, jirani yetu, msichana wa rika langu, aliyekuja kusaidia kumenya ndizi na ambaye hakutaka kupitwa na neno.

Ta Ishengoma akapiga goti, akaomba radhi kwa niaba yangu. Bibi akamjibu bila kunitazama, kwa lile "waitu" letu la adabu.

"Waitu Mwalimu, huyu ameacha ushonaji. Ameacha kwaya. Ameacha kutengeneza baiskeli, ya watu imebaki vipande. Na hii yenu ataiacha. Mimi nirudishie nyasi zangu tu."

"Kila kitu anakiweza wiki mbili," alidakia Leokadia. "Bwana Wiki Mbili!"

Wageni wakacheka. Posa ikapona, mimi nikapata jina.

"Ma, tufanye hivi," alisema Ta Ishengoma. "Kila wiki atakayokuwa kwangu atakata mizigo miwili. Mmoja wa ghalani, mmoja wako. Siku nyasi zisipokuja, ujue ameacha."

Bibi akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayenunua ng'ombe mgonjwa.

"Basi hata siku ya kuzikwa nitatolewa kwenye udongo mtupu," alisema.

Vijana wangu mnaoshika darasa sasa, ndivyo nilivyoingia kazini. Mnapenda kuniuliza nilipataje moyo wa kukaa miaka yote ile. Sikuwa na moyo. Nilikuwa na Bibi anayechungulia njia, na Leokadia anayechungulia kwa niaba ya kijiji.

Mwaka wa kwanza sikupiga ngumi hata moja ya kueleweka. Nilijifunza nyasi. Kata asubuhi umande ukiwepo, maana zilizokatwa kavu huteleza mguuni na mtu atavunja kiuno. Chagua laini, acha zile zenye makali kama wembe. Mashina yote yaelekee ukutani, ncha zielekee mlango anakoingilia mgeni. Tikisa kila konzi kabla ya kuilaza. Hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Halafu jioni mnaanza kuangushana, na hapo ndipo unapoonana na kazi yako. Palipo na nyasi chache, mgongo wako unapasoma. Ta Ishengoma hakuwa mtu wa hotuba. Kuhusu juhudi alikuwa na sentensi moja tu: "Utaangukia nyasi ulizotandika mwenyewe." Aliisema huku anakuangusha.

Vifaa vyetu vilitoka kibanjani, yaani shamba la migomba nyuma ya nyumba. Ubao wa kupigia ngumi ulikuwa nguzo ya mti wa msizi iliyochimbiwa ardhini, tukaiviringishia magome makavu ya mgomba na kamba yake hiyo hiyo. Ukiupiga vibaya unakukwaruza, ukiupiga vizuri unakukwaruza pia, ila unaona fahari. Sare tulishonewa na fundi wa Miembeni kwa kitambaa cha mifuko ya unga. Yangu ilikuwa na neno SAFI mgongoni, nikapigwa sana mgongoni. Ta Ishengoma alituhesabia kwa Kijapani alichofundishwa na baharia mmoja alipokuwa kuli wa meli, Kijapani chenye lafudhi ya Kihaya kabisa. Mjapani angekisikia, angedhani ni lugha ya kwetu. Sisi tulidhani ni ya kwao.

Hatua kumi na kitu za kata moja, yaani ule mfululizo wa mapigo unaofanywa bila mpinzani, tulizirudia mpaka nikawa nazifanya usingizini, na mke wangu ni shahidi, maana aliwahi kupigwa teke la pembeni lililo sahihi. Mara nyingi nilitaka kuacha. Niliamka Jumamosi mvua inanyesha, nikasema leo ndiyo mwisho. Kisha nikasikia sauti ng'ambo ya omulamula, ule mmea tunaopanda mpakani: "Bwana Wiki Mbili, mbona mundu umelala?" Nikachukua mundu kwa hasira. Hasira yangu ilikata nyasi nyingi kuliko nidhamu yangu.

Siku moja nyonga ya Ta Ishengoma ikagoma. Akanipa funguo za ghala na kusema, "Fundisha mpaka nipone." Hakupona. Nikawa mwalimu hivyo, nikiwa na mkanda wa kahawia, ngazi moja chini ya mweusi, bila sherehe.

Hapa ndipo aibu yangu ya pili inapoingia. Mtihani wa mkanda mweusi ulifanyikia Mwanza, na mimi ni mtu wa nyumbani. Sijui kulala mahali ambapo simjui paka wa pale. Mwaka wa kwanza ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Mwaka uliofuata kahawa ilikuwa imeiva. Mwaka mwingine ng'ombe yule yule alikuwa anakaribia kuzaa tena, na Ta Ishengoma akasema huyo ng'ombe apewe mkanda yeye. Alikuwa na mkanda mweusi mmoja, wake wa ujanani, amenitunzia kwenye sanduku la bati. "Mimi sifi kabla sijakufunga huu," aliniambia. "Na nimeanza kuchoka, kwa hiyo angalia."

Nikapanda basi. Naapa nilipanda. Tukapita Kemondo, nikaliona ziwa, nikajikaza. Tukafika Muleba, basi likasimama abiria wanunue chakula, nikanusa ndizi zilizochemshwa na maharage. Nikafikiria kitanda changu. Nikashuka na mfuko wangu, nikakaa kwenye jiwe, basi likaondoka nikiliona.

Binti mmoja aliyekuwa anauza karanga alikuja kunisimamia. Aliitwa Koku.

"Kaka, wewe ni nesi?" Alikuwa ameona sare nyeupe inachungulia kwenye mfuko.

"Ni mwalimu wa karate."

"Unakwenda wapi?"

"Mwanza. Kwenye mtihani."

"Basi lako limeondoka."

"Najua."

Akanitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. "Yee! Umelikimbia?"

Nikanunua karanga.

"Sasa kama unaogopa," alisema, "nifundishe mimi, nitakwenda badala yako."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa la Muleba, ambalo mmeambiwa lilianzishwa kwa maono. Nilirudi Muleba wiki iliyofuata, kwa sababu niliona haya kukaa Bukoba bila habari yoyote ya kusimulia, na nikampa Koku mundu. Yeye hakulalamika kubeba nyasi. Alishangaa tu kwamba wanaume nao walifundishwa. Alikuwa mgumu wa kuelewa na mgumu zaidi wa kuacha. Kata ya kwanza ilimchukua muda ambao wengine walijifunza tatu. Wale wengine sasa wanauza simu. Koku alikwenda Mwanza kwa basi lile lile, bila kushuka popote, akaanguka mtihani, akaenda tena, akafaulu. Kisha akaenda mbele zaidi, mpaka akawa mkaguzi wa kupima wengine. Mimi nilibaki na mkanda wangu wa kahawia, uliokuwa umefifia mpaka wageni wakadhani ninaanza upya.

Darasani nilikutana na kesi nyingi. Mmoja alikuja anatoka jasho la chuki. Alitaka ajifunze upesi ili ampige kaka yake, wamegombana mpaka wa kibanja. Nikamwambia vizuri, anza na nyasi. Akakata miezi. Kaka yake akaingiwa na wasiwasi, mdogo wangu anakwenda wapi kila jioni na mundu? Akamfuata kimyakimya, akamkuta anatandika, akauliza, akaambiwa, akajiandikisha naye. Mlitegemea niseme walipatana. Hawakupatana. Ila kila mmoja anajua mwenzake anaweza nini, na omulamula wa mpaka wao haujasogea tena hata kidole. Kazi yetu wakati mwingine ndiyo hiyo tu.

Bibi aliishi sana. Aliona nyasi zikija mvua na jua, akaacha kuchungulia njia, akaanza kulalamika kwamba nyasi za wiki hii si laini. Nilielewa kuwa hiyo ilikuwa sifa. Alipofariki, waombolezaji walikuta nyumba nzima imetandikwa mpaka uani, tabaka juu ya tabaka, zangu zote. Hakutolewa kwenye udongo mtupu. Ta Ishengoma alivua viatu mlangoni, akaingia, akakanyaga polepole.

Nikadhani mzigo wa pili umekwisha. Wiki iliyofuata, Leokadia, ambaye alikuwa amemwuguza Bibi na kwa wakati huo ni Ma Leokadia wa wajukuu, alisimama mpakani mikono kiunoni.

"Mzigo wa marehemu nimerithi mimi. Saruji inaniuma magoti."

"Bibi aliandika wosia huo lini?"

"Wosia gani? Mimi ndiye niliyekuwa nakuchungulia kwa niaba yake. Lete nyasi, Wiki Mbili."

Nikaleta. Kila mtu wakati huo aliniita Ta Anselimu, hata padre. Yeye aliniita Wiki Mbili harusini kwangu, msibani kwetu, na mbele ya wanafunzi wangu wenye nidhamu zao.

Mwaka wangu wa mwisho kazini magoti yalikuwa yameanza kuongea kabla yangu. Ta Ishengoma alikuwa haoni vizuri tena, na kila nilipomtembelea aligonga sanduku la bati kwa fimbo. Niliwaambia wote, na mwenyewe nikajiambia, kwamba mkanda ni kitambaa. Nilikuwa naongopa. Nililitaka jambo moja maishani niwe nimelimaliza, na yule mzee awe hai.

Ndipo Koku akapiga simu.

"Mwalimu, nimewaomba wakaguzi wenzangu waje tupimie huku kwetu. Mtihani utakuwa Muleba."

"Muleba?"

"Nimeona ndiko unakoshukaga."

Siku moja kabla nilikwenda na mundu wangu. Kulikuwa na ukumbi mpya, saruji imeng'aa, na mikeka ya kisasa iko stoo. Nikawaomba waiache huko. Nikakata nyasi rweya ya Muleba, nikabeba kichwani, mzee mzima, nikapita pale pale stendi nilipokimbia basi. Nikatandika mpaka jioni: mashina ukutani, ncha mlangoni. Nikalala Muleba. Paka simjui. Nililala vizuri.

Asubuhi Ta Ishengoma aliletwa kwa gari, akavuliwa viatu. Akaingiza mguu mmoja, akausogeza huku na huku kama anayetafuta kitu gizani.

"Hizi ni za Anselimu," alisema. "Hazina kuku."

Koku alikaa katikati ya wakaguzi wenzake wawili, uso umefungwa. Nilimsalimu kwa tabasamu, akanijibu kwa kichwa tu, nikakumbuka ni nani aliyemfundisha kutopendelea. Nikajilaumu.

Kata zilitoka. Sikuzifikiria, zilijitoa zenyewe, kama mkono unavyomenya ndizi huku unaongea. Kisha nikapambanishwa na kijana mmoja mwenye mapaja kama kinu. Nilimzuia, nikamgusa mara kadhaa, akanifagia miguu yote miwili. Nikaruka juu. Nikiwa hewani nilipata muda wa kufikiri: mfupa wangu wa nyonga, umri wangu, saruji. Nikashuka. Nyasi zikanipokea, zikatoa ule mlio wa kuvunjika mdogo, harufu yake ikanijaa puani, na nilikuwa nimeshasimama kabla kijana hajageuka. Nikamlaza. Watu wakapiga kelele kama goli limeingia.

"Mkao wa mpanda farasi," alisema Koku. "Mpaka niseme basi."

Nikakaa. Magoti yakaanza kuongea. Hapo ndipo nyasi nilizozitikisa konzi kwa konzi zilipotoa kitu nilichokuwa nimekosa: senene mmoja mnene, wa kijani, wa kwanza wa msimu, yule panzi ambaye kwetu akikaangwa anapita nyama. Akapanda kidole changu cha mguu. Akapanda suruali. Akafika kwenye mkanda wangu wa kahawia, akatulia, anajipangusa miguu.

Mhaya na senene, sentimita chache kutoka mkononi, na mkono hauruhusiwi kusogea. Ukumbi mzima ulikuwa haunitazami tena mimi. Mkaguzi wa kushoto alimeza mate, nilimwona.

"Hakuna kugusa," alisema Koku.

Jasho likanidondoka kwenye kidevu. Mapaja yakawaka moto. Nilifikiria viroboto wa Bibi, na miguu ya Ta Ishengoma isiyotikisika, nikajua kwa mara ya kwanza kwamba hata yeye siku ile alikuwa anawashwa vibaya sana. Nikakaa. Senene akapanda kifuani. Nikakaa.

"Basi," alisema Koku. Wakaguzi wakanong'onezana muda mfupi. Kisha akasimama. "Amefaulu."

Ta Ishengoma akafungua sanduku la bati. Fundo likamshinda, Koku akanyoosha mkono kumsaidia. "Acha," alisema mzee. "Kazi hii niliianza mimi." Tukangoja. Akafunga, akavuta ncha zote mbili kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanipiga kofi begani.

"Sasa nenda kwa Bibi yako ukamwambie."

Koku naye alimchukua senene kutoka kifuani kwangu, akamkunja kwenye leso. "Zamani wanawake tulikamata, wanaume mkala," alisema. "Huyu nakula mimi."

Nilipita kaburini kwa Bibi kwanza, kama nilivyoagizwa, kisha nikapanda kilima kuelekea nyumbani nimevaa mkanda juu ya koti, nje nje. Wiki hiyo ndipo nilipowakabidhi nyinyi funguo za ghala, lakini jioni ile sikuwa nafikiria funguo. Nilikuwa natafuta wa kuniona. Ma Leokadia alikuwa anapalilia maharage ng'ambo ya omulamula. Nikasimama. Nikakohoa. Nikageuka kidogo ili ncha za mkanda zionekane.

Aliinua kichwa. Alinitazama kutoka viatu mpaka kofia, akarudi mpaka kiunoni, akakaa hapo muda. Akafuta mikono kwenye khanga. Maneno yake nayaandika kama yalivyotoka:

"Ta Anselimu, mkanda hautandikwi sakafuni. Nyasi zangu za wiki hii ziko wapi?"